Kiangazi cha 1979: Je, Dhiki Humfanya Mtu Kuwa Mwema?

Kila kizazi kina majira yake ambayo hakichoki kuyasimulia. Kwa Watanzania waliokuwa watu wazima wakati ule, kiangazi cha mwaka 1979 ni mojawapo ya majira hayo. Tukutanapo arusini au matangani, na mazungumzo yakigeukia mambo ya zamani, hatukawii kufika huko, na mara nyingi masimulizi huishia kwa maneno haya: "Siku zile tulikuwa na dhiki, lakini tulipendana." Vijana husikiliza, wengine kwa heshima, wengine kwa mashaka. Leo twapenda kuyapima maneno hayo, maana si maneno madogo. Ndani yake mna swali zito: Je, dhiki humfanya mtu kuwa mwema?

Yatupasa kwanza kukumbuka hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, nyumba zikaporwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa, na maelfu wakayakimbia makwao. Taifa likaitika. Wanamgambo kwa maelfu waliungana na jeshi. Malori na mabasi yalichukuliwa kwenda kubeba askari na chakula chao. Wakulima na wafugaji walitoa mahindi na mifugo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa, na mwanzoni mwa Juni mapigano yakakoma.

Hivyo kiangazi kilipoingia, maisha yetu yalikuwa yamesimama kati ya mambo mawili. Upande mmoja palikuwa na furaha ya ushindi, na ya mama aliyemwona mwanawe akirudi mzima. Upande wa pili palikuwa na hazina iliyokauka. Vita vilikuwa vimegharimu kiasi cha dola milioni 500 za Marekani, mzigo mzito mno kwa nchi maskini. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda duniani kote baada ya mapinduzi ya Iran. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa. Tukaombwa kufunga mikanda kwa muda wa miezi 18.

Vijana wa leo huenda wasijue maana ya kufunga mkanda. Maana yake ilikuwa sukari ya mgawo, na balozi wa nyumba kumi mwenye orodha ya kaya zake. Maana yake ilikuwa foleni dukani tangu alfajiri, na jiwe au ndoo iliyowekwa chini kumshikia mtu nafasi yake. Sabuni ilipokosekana, wengine walifulia majani ya mpapai. Mafuta ya taa yalipokosekana, watu walilala mapema. Ile miezi 18 ikapita, na mkanda haukulegea. Dhiki ya bidhaa iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1980.

Je, ni kweli kwamba tulipendana? Ndiyo, ni kweli. Walikuwako waliopata kilo moja ya sukari wakaigawa kwa jirani mwenye mgonjwa. Walikuwako wanavijiji waliolima shamba la mke wa mwanamgambo kabla ya kulima la kwao. Walikuwako wenye duka waliofungua mlango wa mbele, wakauza kwa bei iliyowekwa hadi gunia likaisha, wala wasijibakizie. Watu hao hatupaswi kuwasahau.

Lakini si kweli yote. Dhiki ileile iliwazaa pia walanguzi. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria kali dhidi ya uhujumu wa uchumi. Na nani atunge sheria kali ya namna hiyo kama hakuna anayeficha mali? Palikuwa na waliofungia sabuni stoo ili iuzwe usiku kwa mlango wa nyuma. Palikuwa na waliowapa ndugu zao kwanza, kisha wakawaambia wajane waliopanga foleni kwamba mzigo umekwisha. Nao hao waliishi katika kiangazi kilekile, wakasikia redio ileile, wakashangilia ushindi uleule.

Basi tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, jibu laonekana. Kama dhiki ingekuwa ndiyo imfanyayo mtu kuwa mwema, wote waliodhikika wangalikuwa wema. Na haikuwa hivyo. Wahenga walisema: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Tazameni, hawakusema kwamba dhiki ndiyo imfanyayo kuwa rafiki. Walisema kwamba wakati wa dhiki ndipo ajulikanapo. Moto huijaribu dhahabu, lakini haujapata kuligeuza jiwe kuwa dhahabu. Yule aliyegawa sukari yake aligawa kwa sababu aliamua kugawa, na angeweza kuamua vingine, kama jirani yake alivyoamua.

Huenda mzee mmoja akatujibu: "Lakini siku hizi kila kitu kipo madukani, na watu hawajaliani. Je, si wingi wa mali uliotuharibu?" Twaheshimu uchungu wa neno hilo, nalo lina ukweli ndani yake. Wakati wa uhaba uhitaji wa jirani ulionekana wazi, kwa kuwa ulifanana na wetu. Siku hizi mhitaji ni mmoja katikati ya walioshiba, na ni rahisi kumpita. Lakini kama dhiki haistahili sifa kwa wema wa mwenye huruma, wingi nao hauwezi kulaumiwa kwa ugumu wa mwenye choyo. Uchaguzi ni wetu, ghala likiwa tupu au limejaa. Anayesema, "Tungelikuwa maskini tungelipendana," ajitafutia udhuru.

Jambo hili si la wazee kujifurahisha kwa maneno tu. Watoto wetu hujenga maisha yao juu ya yale tunayowasimulia. Tukiwaambia kwamba wakati ule watu wote walikuwa wema, tutawafanya wajione kizazi kilichopotea, wasiweze kutufikia. Tukiwaambia kwamba palikuwa na foleni na njaa tu, tutawanyima mashahidi wa wema ambao wangeweza kuwafuata. Katika njia zote mbili tutakuwa tumesema uongo. Na amri inayotukataza kushuhudia uongo haikuuacha nje ushuhuda wa mtu juu ya siku zake mwenyewe.

Tena kuna wanaodhulumiwa na masimulizi yasiyo kamili. Kule Kaboya, mkoani Kagera, wamelala askari waliokufa katika vita vile. Wengine walirudi na viungo pungufu. Wanawake wengine walibaki wajane na watoto wadogo. Kwao kiangazi cha 1979 hakikuwa majira ya kupendana wala ya foleni tu. Kilikuwa mwanzo wa upweke. Tusemapo "sisi tulifunga mikanda," tukumbuke kwamba mikanda haikubana sawasawa. Deni letu kwa watu hao halikulipwa kwa shangwe za mwaka ule, wala halifutwi na miaka iliyopita.

Basi twawaomba wazazi, babu na bibi: msimulieni watoto habari za kiangazi kile, tena msimulie yote. Wasijue tu kwamba sukari iliadimika. Wajue ni nani aliyeigawa, mkimtaja kwa jina lake, nao wajue kwamba hakulazimishwa na mtu. Ikiwa mjane wa mwanajeshi yu hai kijijini kwenu, wapelekeni watoto wakamsalimu na kumsaidia kuchota maji. Kwa njia hiyo watajifunza kwamba wema haungoji vita wala njaa, na kwamba yule aliyegawa kilo yake moja mwaka 1979 hakuwa na moyo wa namna nyingine kuliko wao. Alikuwa na jirani, akamwona. Nao leo wanao majirani.