Moto Unaokataa Kuwaka

Katika msimu wa tatu wa katuni ya Avatar: The Last Airbender, mwanamfalme Zuko anasimama mbele ya mtoto Aang ili amfundishe kuongoza moto, na moto wenyewe unamgomea. Zinatoka cheche dhaifu, basi. Hajajeruhiwa wala hajalogwa. Amemwacha baba yake na kuhamia kwa wale aliokuwa akiwawinda, na hasira iliyomwashia moto miaka yote imemtoka. Itambidi aende mpaka kwenye magofu ya watu wa kale, akutane na majoka wawili na atambue kwamba moto ulikuwa uhai kabla haujawa silaha.

Sasa mtu anataka kuuchukua uchawi huo na kuuweka katika mchezo wa kuigiza wa mezani. Watu wanne au watano wameketi, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, mwingine anaongoza mchezo, na penye mashaka dadu huamua. Aandike kanuni gani ili Zuko aweze kuwapo pale mezani?

Jibu la kwanza linalokuja kichwani lina nusu karne. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, uchawi wao uliazima sana kutoka hadithi za Jack Vance, hasa kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950, ambamo mchawi huikariri afsuni, huitamka mara moja, kisha humfutika akilini. Desturi ya kuandika uchawi kama orodha ya vitu vyenye vipimo imedumu. Katika toleo la mwaka 2014, tufe la moto hudai kinyesi cha popo na salfa, hufika umbali wa futi 150, na madhara yake hupimwa kwa dadu nane za pande sita. Mchawi awe amefiwa jana au anaoa leo, dadu ni nane zilezile. Siidharau kanuni hii. Inaifaa dunia ambayo uchawi ni mali unayoimiliki kichwani. Lakini ukimpa Zuko tufe hilo, umempa moto na kumnyang'anya hadithi.

Dai langu ni hili: uwezo wa ajabu haujulikani kwa kile unachofanya. Hujulikana kwa kile unachokataa kufanya, na sababu ya kukataa kwake. Kuchoma nyumba, hata kiberiti kinachoma. Wasimulizi wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani sana. Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Nguvu zake zingebaki majigambo matupu kama si kitovu hicho. Na tazama siri inavyotoka: anaitoa mwenyewe, kwa mwanawe, aliyetumwa kuiuliza. Udhaifu wake haukuwekwa mwilini tu. Umewekwa katika mapenzi ya baba kwa mtoto, na hapo ndipo uwezo unapogeuka kuwa kisa.

Katika Avatar, makatazo ni ya aina mbili. Ya kwanza hutoka angani. Mwezi mpevu huwapa nguvu waongozaji wa maji, na jua likipatwa, waongozaji wa moto hubaki mikono mitupu mpaka kivuli kipite. Haya mtu yeyote anaweza kuyaandika kwa mstari mmoja, kwani mwezi wanauona wote. Ya pili hutoka moyoni, na hapa kazi ni ngumu. Iroh, ami yake Zuko, anamweleza kwamba radi haimtii mtu asiye na utulivu wa nafsi. Zuko anajaribu hata hivyo, nayo inalipuka na kumrusha chini.

Kwenye televisheni, moyo wa Zuko uko mikononi mwa waandishi, na wanajua kesho yake. Mezani, nani anaujua? Kiongozi wa mchezo akisema, "Huna hasira tena, basi huna moto," ameupora moyo wa mhusika asiye wake. Mchezaji akiachiwa aamue mwenyewe, kishawishi ni kikubwa kwamba moto wake utazimika siku ambayo hauhitajiki. Inatakiwa njia ya tatu: moyo uandikwe mahali ambapo kila aliyeketi anauona na anaweza kuugusa.

Hiyo ndiyo njia waliyoichagua Magpie Games katika Avatar Legends, mchezo ambao mwaka 2021 ulichangiwa na watu zaidi ya 81,000 kwa zaidi ya dola milioni 9. Humo kuongoza moto hakuna orodha ndefu ya afsuni. Unasema unachofanya, na pakiwa na hatari unarusha dadu mbili: 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, chini ya hapo kiongozi ndiye anayeamua kinachofuata. Kitovu cha karatasi ya mhusika ni mizani yenye misimamo miwili inayovutana. Kwa mrithi wa ukoo wenye nguvu, kwa mfano, ni mapokeo na maendeleo. Wenzako wanaweza kukusukuma upande mmoja, adui vilevile, na ukisukumwa kupita ukingo unapoteza mizani.

Mtu anaweza kulalamika kwamba moyo hauna ncha mbili tu, na atakuwa amesema kweli. Uchungu wa Zuko hautoshi kwenye mstari wenye alama chache. Ila naona kanuni hii haikuja kueleza moyo ulivyo. Imekuja kuwapa watu ruhusa ya kuugusa moyo wa mwenzao bila kumpokonya. Mimi ningeongeza jambo moja tu: aliyepoteza mizani aseme, mbele ya wote, moto wake sasa unadai nini ndipo uwake tena.

Kisichovuka kutoka televisheni hadi mezani ni mwili. Kila mtindo katika katuni ile umejengwa juu ya sanaa halisi ya mapigano ya Kichina: maji yamefuata taichi, hewa imefuata bagua. Mchezaji aliyeketi hawezi kujua uchovu wa mapaja. Kinachobaki ni mafunzo yenyewe, na mchezo umefanya vema kuyadai: mbinu mpya huja na mwalimu, na kuibobea kuna sharti.

Kuna mahali pengine ambapo meza na televisheni huachana kabisa. Mwishoni mwa katuni, iliyomalizika mwaka 2008, Aang anatakiwa kumuua Ozai, mtawala wa Taifa la Moto. Imani yake inamkataza, na hata Yangchen, mmoja wa Avatar waliomtangulia, aliyelelewa katika imani hiyohiyo, anamshauri aue. Kisha anatokea simba-kobe wa kale na kumpa uwezo ambao hatukuandaliwa vya kutosha kuungoja, wa kumvua mtu moto wake bila kumtoa roho. Mtazamaji anaweza kulipokea hilo, maana hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Mchezaji anao. Kanuni ni ahadi iliyotolewa kabla, nayo humwezesha kusema "nachagua hivi" akijua anaacha nini. Ukimletea simba-kobe katika dakika ile, umemwambia kwamba usiku wote aliokuwa akihangaika kati ya imani yake na uhai wa watu haukuwa na uzito.

Ningekuwa kiongozi wa mchezo huo, simba-kobe asingetokea mwishoni. Angetajwa mapema, pamoja na bei yake, au asingekuwapo kabisa, na anayemwigiza Aang angebaki na Ozai mbele yake na dadu mbili mkononi.