Nyasi za Kwenu Usizichome

Mwezi wa pili na wa tatu, mvua zikiwa hazijakatika, ukipita mashamba ya Ufipa utakuta watu wameinama, wanakata nyasi pamoja na udongo wake, wanazipindua na kuzirundika. Marundo hayo ya mviringo tunayaita ntumba. Nyasi zinalala chini, udongo unakaa juu. Maharage hupandwa humo, yakavunwa, kisha rundo likaachwa lioze ndani kwa ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikija mwishoni mwa mwaka, ntumba huvunjwa na kutawanywa, na hapo ulezi, siku hizi mahindi, hupata shibe yake. Uwanda wetu hauna misitu ya kukata na kuchoma, kama wafanyavyo Wabemba ng'ambo ya mpaka. Wazee wetu walipewa nyasi, wakajifunza kuishi na nyasi.

Nilikuwa kwenye kazi hiyo, hapa Kasense, mpwa wangu alipokuja kuniaga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Viatu hivyo si vya shambani."

Akaniambia anakwenda Johannesburg. Atapanda basi hadi Tunduma, avuke kwa miguu kuingia Nakonde, ashike la Lusaka, kisha aendelee kusini. Nilijua kinachomwondoa. Duka lake lilianguka mwaka uliotangulia. Madeni aliyalipa kwa kuuza kiwanja, lakini maneno ya watu hayana risiti: ukishalipa bado unadaiwa.

"Nataka kuanza upya, mjomba. Kule hakuna anayenijua. Laini ya simu nimeshabadilisha. Hata wakiniuliza kwetu ni wapi, nitasema Mbeya."

Hapo niliweka jembe chini, nikacheka, kwa sababu uongo huo naujua. Niliwahi kuusema mimi.

Nilipofika Dar es Salaam kijana, nilichoshwa upesi na utani ambao kila Mtanzania anaujua. Ukisema unatoka Sumbawanga, mji wetu, mtu anarudi hatua moja nyuma: "Usije ukanitumia radi!" Mara ya kwanza unacheka. Mara ya ishirini unatafuta kwenu kwingine. Nikawa mtu wa Mbeya. Nilikaa na Umbeya wangu kwa raha, mpaka siku moja kazini alipoletwa mzee wa Kinyakyusa, mtu wa Mbeya kweli. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili: "Ugonile!" Nikamtazama kama niliyeulizwa swali la mtihani. Hakukasirika. Aliuachia mkono wangu taratibu, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari yoyote ya nyumbani. Nilikuwa nimeikimbia kejeli ya wageni, nikakosa udugu wa mtu ambaye angenipenda hata kama ningemwambia natoka Ufipa.

Na jina lenyewe tunalolikimbia, wazee wanalieleza hivi: sumba, tupa, wanga, uchawi. Tupa uchawi. Mji unaoogopwa kwa uchawi unaitwa kwa amri ya kuutupa. Anayeingia aache nje alichobeba cha kudhuru watu. Nami nadhani amri hiyo inamhusu pia anayetoka.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu apekue mzigo wake mara mbili. Mara ya kwanza atafute wanga. Wanga si hirizi tu. Kinyongo kwa waliomcheka ni wanga. Ile ndoto ya kurudi siku moja na gari kubwa, ili waliomsema wavimbe macho, nayo ni wanga. Hivyo atupe, tena hapahapa, asivivushe mpaka. Mara ya pili atafute nyasi: duka lililoanguka, aibu ya kuuza kiwanja, lugha ya bibi yake, jina la mji wake. Hivyo havitupwi wala havichomwi. Vinapinduliwa, vikafukiwa, vikaachwa vioze polepole. Hesabu zilizomshinda dukani ndizo zitakazomfundisha kesho asimkopeshe kila anayetabasamu. Lakini atajifunzaje, kama ameapa kwamba duka halikuwahi kuwepo? Moto husafisha shamba kwa siku moja, na kwa macho unapendeza. Ila shamba la nyasi lililochomwa linabaki na majivu, na upepo wa uwanda huu unajua pa kuyapeleka.

Kuondoka kwenyewe hakukuanza na kizazi chake. Wakati wa Mwingereza, vijana wa Ufipa walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba kwenye karatasi ya mtu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, na magari yakaja kuwachukua watu hadi mikoa ya mbali. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wapo waliorudi na baiskeli. Wapo waliolowea hukohuko. Kiswahili hakina ukali na neno hilo, kulowea, na sikio langu husikia kulowa ndani yake: mtu aliyekaa ugenini mpaka ugeni ukamwingia kama mvua inavyoingia ntumba. Kulowea si dhambi. Ila hata karatasi ya mwajiri ilipomgeuza mtu kuwa namba, jioni kambini waliketi wa kwao na wa kwao, na mtu akaitwa tena kwa jina la babu yake.

Kuna kisa cha Milansi, chimbuko la utawala wa Ufipa, ambacho Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeishi huku miaka ya 1960, alikisikia kwa wazee akakiandika. Mtawala wa Milansi alitoka, akaacha onyo kwamba wakija wageni wasipewe kigoda. Wakaja wanawake kutoka mbali, wakapewa kigoda. Aliporudi, alikuta nchi ina wenyewe wapya. Hakupigana. Wageni wakatawala nchi, yeye akabaki na Milansi na mlima wake, na heshima ya kuwasimika wafalme wao. Wengi hukisoma kama kisa cha kunyang'anywa. Mimi naona vigoda viwili, cha kutawala na cha kubariki, na kimoja hakisimami bila kingine. Mpwa wangu huenda akapata kigoda huko aendako. Sisi tuliobaki tunashika mlima.

Sikumficha kwamba ugeni una miiba. Mei 2008, fujo zilianzia Alexandra, humohumo Johannesburg, wageni wakawindwa mitaani, na zaidi ya watu 60 wakauawa kabla hazijatulia. Mji usiotupa wanga wake humlaumu mgeni kwa njaa yake. Lakini asiingie na hofu tupu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunasema sisi, na maana yake ni kwamba anayetaka kuwa mwenyeji aombe jembe kabla hajaomba kiti. Tena mji huo umekaa juu, meta 1,700 na zaidi toka usawa wa bahari, karibu sawa na Sumbawanga. Baridi ya mwezi wa sita itamkuta ameshaizoea. Hiyo nayo ni mali ya kwao.

Alinisikiliza, akaangalia saa, kwa adabu. Vijana husikiliza hivyo, nasi tulisikiliza hivyo. Basi lilikuwa la alfajiri.

Mwezi wa sita simu iliita kwa namba ngeni. Kazi amepata, ya kubeba mizigo kwenye ghala. Kuna baridi, asubuhi nyasi zina umande ulioganda, na kandokando ya barabara watu wanazichoma. Nikamuuliza, je, amewaambia anatoka wapi?

Alicheka, hakujibu. Kisha akaniuliza kama maharage ya kwenye ntumba nimeshayavuna.