Mtoto, Poti na Uvumilivu wa Mungu

Masomo: Hosea 11:1–4, Mathayo 21:28–31, Waefeso 6:4



Huenda baadhi yenu mmecheka mlipoona kichwa cha mahubiri haya, na wengine mmeuliza, "Je, jambo la mtoto kukalia poti nalo ni la kuhubiriwa?" Naam, ni la kuhubiriwa. Ndani ya nyumba zetu jambo hili limeleta machozi, matusi na fimbo kuliko mambo mengi tunayoyasikia kila Jumapili. Tena Mungu wetu hakuona haya kulinena. Someni Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Pale Waisraeli waliokaa kambini wanaagizwa wawe na mahali pa kwenda haja nje ya kambi, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, ili akiisha afukie. Sababu yake imetajwa hapo hapo: Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi yao.

Sisi wa Mwakitolyo tunajua kambi ni nini, na kuchimba tunakujua sana. Mtu hushuka duarani kutafuta dhahabu mpaka nuru ya jua imwishie, lakini shimo la choo nyumbani kwake halifiki hata kiunoni. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza habari za afya, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Mwaka 2017 tukasikia tena wito wa Nyumba ni Choo. Wito huo ni mwema. Lakini choo cha shimo hakimfai mtoto wa miaka miwili. Tundu lake ni pana, ndani mna giza, na mtoto huogopa asije akatumbukia. Hofu hiyo si ujeuri, ni akili aliyopewa na Mungu. Ndiyo maana mtoto huanza na poti, ama kopo pana lisilo na makali, mpaka miguu yake ipate nguvu na moyo wake uzoee.

Sasa tulitazame somo letu la kwanza. Katika Hosea 11 Mungu anajifananisha na mzazi. Anakumbuka jinsi alivyomfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, na jinsi alivyomvuta kwa kamba za upendo na kuinama amlishe. Angalieni neno hilo la kuinama. Mungu aliyeziumba mbingu anainama mpaka usawa wa mtoto. Na mtoto huyu hakuwa mtiifu: kila alipoitwa alizidi kwenda mbali. Hata hivyo Baba hakumtupa. Katika habari hii nataka tujifunze mambo manne.

1. Kila mtoto ana wakati wake

Wapo wazazi wanaoona haya kwa sababu mtoto wa jirani ameacha nepi naye wa kwao bado. Wapenzi, msilinganishe. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Waliona kwamba mama wa Kidigo huanza kumfundisha mtoto angali mchanga wa majuma machache. Huketi chini amenyosha miguu, humweka mtoto katikati, kisha hutoa sauti laini ya kumwita akojoe. Mtoto akikojoa, mama humfurahia na kumnyonyesha. Kwa kawaida yao, mtoto wa miezi minne hadi sita alikuwa amekwisha kuelewa. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wao hushauri zaidi kungoja, na watoto wengi huko huanza kati ya miezi 18 na miaka 3.

Je, ni nani aliye sahihi? Nionavyo mimi, njia zote mbili zina siri moja: yupo mtu karibu na mtoto, anayemtazama na kuzijua dalili zake. Mama wa Kidigo aliweza mapema kwa sababu mtoto alikuwa mwilini mwake kutwa nzima, na jamaa walimsaidia. Hapa kwetu mama hutoka alfajiri kwenda mwaloni kuosha mchanga, au kuponda mawe, au kupika chakula cha kuwauzia wachimbaji. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka minane. Basi akichelewa kujifunza, tusimwite mvivu. Hajapata mwalimu wa kukaa naye.

Zitazameni dalili. Mtoto akiweza kukaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, akiweza kwenda mwenyewe na kuchuchumaa, akijificha nyuma ya mlango anapotaka haja, au akivuta nguo yake na kusema, huyo yuko tayari. Mkalisheni baada ya uji wa asubuhi na baada ya chakula, maana tumbo likipokea chakula huamsha matumbo kufanya kazi. Dakika chache zinatosha. Na kukojoa kitandani usiku ni habari nyingine kabisa. Watoto wengi huendelea hata miaka mitano na kupita, wala si kosa lao.

2. Mtoto asemaye "Sitaki" hajapotea

Katika Mathayo 21 Bwana Yesu alitoa mfano wa baba mwenye wana wawili. Wa kwanza aliagizwa kwenda shambani akakataa waziwazi, lakini baadaye akajuta akaenda. Wa pili aliitikia vizuri, wala hakwenda. Aliyefanya mapenzi ya baba ni yule wa kwanza, mwenye kichwa kigumu. Wala hatusomi kwamba baba alimkimbiza na fimbo. Alisema neno lake, akamwachia nafasi ya kugeuka.

Mtoto wa miaka miwili ndiyo kwanza amegundua kwamba ana hiari yake mwenyewe. Neno "sitaki" ni chombo kipya mkononi mwake, naye hukijaribu kila mahali. Hiari hiyo imetoka kwa Mungu. Mtoto mbishi akilelewa vizuri ndiye atakayesema "sitaki" siku rafiki zake watakapomwita waibe mawe ya watu au wanywe gongo. Basi tusiivunje hiari yake, tuiongoze.

Kwa mtoto wa namna hii, usiulize, "Je, unataka kukaa kwenye poti?" Jibu unalijua. Mpe mambo mawili achague, yote yakiwa mema: "Utakaa hapa mlangoni au pale mwembeni?" "Utavua suruali mwenyewe au nikusaidie?" Mwache aibebe poti yake mwenyewe. Mwache amwone kaka yake akienda chooni, maana watoto hupenda kufuata wakubwa. Akifanya vizuri, msifu kwa jina lake. Na kama imekuwa vita kila siku, iweke poti pembeni juma moja au mawili, kisha anza tena kwa upole. Kuacha kwa muda si kushindwa. Mkulima naye huingoja mvua.

Tuangalie pia kwamba ubishi si maumivu. Mtoto akipata choo kigumu kikamwuma, siku ya pili hukizuia. Akikizuia kinazidi kuwa kigumu, na maumivu yanaongezeka. Mzazi huona mtoto anakaza miguu na kulia, akadhani ni ujeuri, kumbe ni hofu. Huyu apewe maji safi ya kutosha, papai na mboga za majani. Akitoka damu, tumbo likivimba, akipata homa au akilia anapokojoa, apelekwe zahanati. Vilevile mtoto aliyekuwa amekwisha kujua akirudia kujikojolea, jiulizeni ni nini kimebadilika. Je, amezaliwa mdogo wake? Je, kuna ugomvi nyumbani? Je, tumehama? Sisi watu wa machimbo, ikisikika dhahabu imetoka mahali pengine, tunafunga mizigo usiku. Mtu mzima huhama na matumaini yake. Mtoto huhama na woga wake.

3. Fimbo si mwalimu wa tumbo

Hapa naomba mnisikilize kwa moyo. Wapo watoto waliopigwa, waliofinywa, waliokalishwa juani, waliotishiwa moto, waliochekwa mbele ya watoto wenzao, kwa sababu tu wamejichafua. Wengine hutetea wakisema Mithali 13:24 inaagiza fimbo. Ndugu, Mithali inanena habari za kumrudi mwana kwa upendo, aijue njia. Mtoto ambaye mwili wake haujajua kujizuia hajaiacha njia, hajaifikia bado. Tena Zaburi ya 23 yataja fimbo ya mchungaji, na kondoo anafarijika kuiona. Je, mtoto wako akiiona yako anafarijika?

Ninyi wafugaji mnajua: ndama akipigwa mahali pa kunyweshea maji, kesho atayaogopa maji. Mtoto akipigwa kwenye poti atajificha nyuma ya ghala na kufanya haja huko. Tumemfundisha nini? Tumemfundisha kuficha. Na mtoto aliyejifunza kumficha mama uchafu wa mwili, akikua atamficha pia uchafu wa moyo. Mtume Paulo katika Waefeso 6:4 anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inakataza kumtesa mtoto na kumwadhibu kikatili. Na kabla ya sheria hiyo wazee walikwisha kusema: mtoto akikunyea mkono, huukati mkono. Unauosha, kisha unambeba tena kwa mkono ule ule.

4. Kazi hii ni ya nyumba nzima

Baba arudipo kutoka duarani hupenda kuuliza, "Mbona mtoto huyu bado ananuka?" Baba, katika Hosea anayeinama ni Baba. Basi chimba choo, tengeneza kifuniko cha tundu, nunua poti, na jioni moja mkalishe mtoto wewe mwenyewe ukimsimulia hadithi. Bibi na dada wa nyumbani wafuate njia moja na mama. Mtoto asiambiwe hivi asubuhi na vile jioni.

Wengi hudhani kinyesi cha mtoto hakina neno, kwa hiyo hutupwa jalalani au nyuma ya nyumba. Si kweli. Kina vijidudu vya kuhara, kipindupindu na minyoo sawasawa na cha mtu mzima. Nzi hukileta kwenye michembe yetu, na mvua hukipeleka kwenye visima. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Poti imwagwe chooni, ioshwe, na mikono ya mama na ya mtoto ioshwe kwa sabuni. Jambo moja zaidi kwa sisi wa hapa: kopo au beseni lililotumika kwa zebaki lisifanywe poti, wala chombo cha maji, wala cha chakula. Na anayetoka mwaloni anawe na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto.

Akina mama wa Umoja wetu, kumbukeni jinsi umoja huu ulivyoanza. Mwaka 1876 Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford huko Uingereza, aliwakusanya akina mama wa parokia, matajiri na maskini pamoja, wasaidiane katika malezi. Basi nanyi msingoje semina. Yupo mama kijana, mgeni hapa machimboni, hana mama mkwe wala shangazi wa kumwuliza, na jana amempiga mtoto kwa kuchoka. Mwendeeni. Mshikieni mtoto saa moja apumzike. Ninyi mliosimama kisimani pa ubatizo kama wadhamini, mliahidi kumsaidia mtoto yule akue katika Bwana. Na kukua kwake ni pamoja na hili.

Ndugu wapendwa, ni mara ngapi Mungu ametusafisha? Tumeahidi asubuhi, tukajichafua jioni. Tumesema "sitaki" mbele ya neno lake, tukajificha kama Adamu bustanini. Naye alikuja akitutafuta, akatuita kwa sauti, akatufanyia mavazi. Kama Mungu angetupiga kila tulipoanguka, ni nani angesimama leo? Basi mzazi ainamapo asubuhi kumpangusa mtoto mbishi, bila kelele, anafanya kazi ambayo Mungu anaifanya kwake kila siku.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewafundisha watu wako kutembea ukiwashika mikono, wape wazazi wa parokia hii uvumilivu wako. Uiponye mikono iliyozoea kupiga. Uwalinde watoto wetu na magonjwa, na mashimo, na hofu. Uwakumbuke walio duarani na walio mwaloni, warudi nyumbani wakiwa na moyo wa upole. Ututakase sisi sote, tusione haya kukujia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.