Moto wa Jua na Haki ya Jirani

Katika darasa yetu ya usiku liliingia suala ambalo halikutoka kitabuni. Ndugu mmoja, mfanya biashara ya mbuzi mwenye nyumba huko Bangale katika Tana River, alituletea shauri lake. Amejitengenezea umeme wa jua juu ya bati la nyumba yake, kwa mikono yake, apate kuepukana na gharama ya mafuta ya taa. Kazi ikafaulu. Tangu hapo, jua likichwa, baraza hujaa majirani, huyu na simu yake, yule na tochi yake, wote wataka chaji. Akiwatoza shilingi ishirini, mama yake humkemea akamwambia kuwa moto hauuzwi. Asipowatoza, betri hufa, naye hurudi kwenye koroboi. Akatuuliza: haki ni ipi?

Mwenye kudhani kuwa suala hili ni dogo hajapata kukaa Bangale. Mji huo uko kwenye barabara itokayo Mwingi kwenda Garissa, katika nchi kavu iliyo mbali na mto, na watu wake wengi ni wafugaji. Mahali kama hapo, mtu akimnyima mwenziwe maji ni kama kwamba amemfukuza duniani. Kwa hivyo wafugaji wamekua wakijua kuwa viko vitu visivyozuiliwa. Na sharia yetu nayo imewafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Mama yule hakusema kwa ujinga. Amesimama juu ya msingi ulio imara kuliko wengi wetu tunaosoma vitabu.

Lakini wanazuoni wa kale hawakuliacha neno hili la moto likapita hivi hivi. Walipambanua. Mwenye kuwasha moto nyikani hana ruhusa ya kumzuia mtu kuota, wala kuangaziwa na nuru yake, wala kuwashia utambi wake, kwani katika hayo hapana kinachompungukia. Ama kaa lenyewe, hilo ni mali ya mwenye kuni. Na katika maji wengi wao walisema vivyo hivyo: yaliyomo mtoni ni ya wote, na yaliyokwisha tekwa yakatiwa mtungini yana mwenyewe.

Basi na tuutazame umeme huu ni kitu gani katika viwili hivyo. Jua bila shaka ni mto, hapana aliyelimiliki. Lakini betri ni mtungi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 huweka wati-saa 600, na ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu yake kila usiku, ama sivyo huharibika upesi. Zabaki wati-saa 300. Simu moja, pamoja na kinachopotea njiani, hula kama 15. Simu ishirini zikija, mtungi umekauka, na watoto wa nyumba hawana taa ya kusomea. Hili si suala la nuru inayomwangazia mpita njia bila ya kupungua. Ni kaa linalochukuliwa jikoni.

Twaonelea, basi, kwamba taa ile ikiwaka barazani, haimjuzii kumfukuza mtoto wa jirani aliyekuja na daftari lake. Nuru hiyo ni ya wote. Wala haimjuzii kumtoza mwenye mgonjwa anayetaka kupiga simu ya kuita gari. Ama simu za mazungumzo na za kutazama mpira, akichukua kiasi kidogo cha kununulia betri nyingine, hatuoni dhambi. Mmoja wetu, mzee tunayemheshimu, hakukubali. Alisema shilingi ikishaingia barazani, haitatoka, na kesho mwenye mgonjwa naye ataombwa. Hatukuwa na jawabu la kumtosheleza.

Liko jambo jingine tulilomuuliza, nalo ni huko kujitengenezea. Hapo mwanzo ndugu yetu alinunua vile vipande vya silikoni vilivyo mbali mbali, aina ile iliyotolewa kwanza Marekani mwaka 1954. Kila kimoja chatoa kama nusu volti tu, basi akaviunganisha 36 kwa kulehemu, akavifunika kioo, akaziba kwa gundi. Vilifanya kazi mpaka mvua. Unyevu ukaingia, viungo vikala kutu, na fedha zikapotea. Paneli iliyofungwa vyema kiwandani hudumu miaka ishirini na zaidi. Na tangu 2011 ziko zinazoundwa hapa hapa Kenya, Naivasha. Kwa hivyo alinunua moja, akajifanyia mwenyewe yaliyobaki: fremu, nyaya, na kulipangusa vumbi la barabara kila asubuhi. Hivyo ndivyo kujitegemea kwa mwenye akili. Lakini akitaka kuwafungia watu wengine kwa malipo, kanuni zamtaka awe na leseni. Na hilo ni haki, kwani anayepokea fedha ya mtu amebeba dhamana.

Wala asiseme mtu kuwa kazi hii ni ya wazungu au ya waliosoma sana. Huko Kinyasini, Unguja, wanawake wa vijijini, na wengine hawakupata shule ya maana, wamefunzwa kulehemu na kuunganisha mitambo ya taa za jua, wakarudi kuwasha vijiji vyao.

Na sisi wa mijini tusijitoe katika shauri hili. Mto Tana umefungiwa mabwawa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981, Kiambere 1988. Sisi tukabonyeza kidole ukutani, taa zikawaka, na waya zikapita juu ya vichwa vya watu wengi bila ya kuwashukia. Mwaka 2019 kikafunguliwa Garissa kituo cha jua cha megawati 50. Tunaobishana juu ya shilingi ishirini za Bangale, tumepata kuuliza lini juu ya mtungi huo mkubwa na nani alioteka?

Mwisho ndugu yetu alitaja jambo kama la kupita. Betri yake ya kwanza imekufa, na yuko mnunuzi wa vyuma vikuukuu amwitaye kila wiki. Aiuze? Hapo darasa ilinyamaza, kwa kuwa sote twaijua Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda kilichofunguliwa huko mwaka 2007 kikiyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwasumisha watu wa mtaa mpaka kilipofungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ile ilitoka katika betri za watu waliouza bila ya kuuliza zaenda wapi.

Tulimwambia asiiuze mpaka ajue itafika kwa nani. Kwa sasa iko nyuma ya nyumba, mbali na kisima na mbali na mbuzi, ameifunika kipande cha bati.