Jumatano: Farasi Asiyetaka Kuacha Kundi

Soma Zaburi 32:8, 9. Mungu anaahidi kutuongozaje, na kwa nini anamtaja farasi?

Farasi ni mnyama wa kundi. Akitolewa malishoni peke yake huogopa, na huweza kugoma langoni, kulia na kugeuka awarudie wenzake. Mfugaji mwenye busara hamchapi, kwa kuwa kipigo huongeza hofu. Humtoa hatua chache, humtuliza, kisha humrudisha kabla hajataharuki. Kesho yake huongeza hatua. Polepole farasi hujifunza kuwa yuko salama akiwa na yule anayemwongoza.

Wengi huitunza Sabato vizuri wakiwa nyumbani, kati ya ndugu. Kisha kijana anaenda chuoni, mtihani unapangwa Jumamosi, na hana mwenzake wa kusimama naye. Danieli alianza na jambo la chakula, akiwa na wenzake watatu (Danieli 1:8-12). Miaka mingi baadaye, katika tundu la simba, alitupwa peke yake (Danieli 6:16). Kusanyiko ni zawadi ya Mungu (Waebrania 10:25), lakini silo Mwokozi wetu.

Ni hatua gani ndogo ya utii ambayo umekuwa ukisubiri wengine waanze?