Nani Atatembea Naye?

Baba mmoja wa mtaa wa Karavia, fundi wa mgodini Kolwezi, hukaa kazini majuma mawili na nyumbani juma moja. Wezi waliporuka ukuta wa jirani, aliamua kwamba familia yake inahitaji mbwa. Alikuwa na wawili wa kuchagua: mtoto wa Berger Allemand, masikio bado hayajasimama, aliyekuwa akiuzwa kwa bei kali; na Basenji mwekundu mwenye miguu myeupe, aliyezaliwa kwa dada yake na ambaye angempata bure.

Dada alimwuliza jambo moja. "Yaya, huyo mkubwa nani atatembea naye ukiwa Kolwezi?"

Akajibu kwamba ua ni mpana, mbwa atajitembeza mwenyewe.

Kosa lilianzia kwenye jibu hilo. Ua haumchoshi Berger. Ukoo wake uliandikishwa Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz alipomsajili mbwa wake Horand, na tangu hapo mbwa hawa walichaguliwa kwa kazi ya kuzunguka kundi la kondoo mchana kutwa. Dume hufika kilo 30 hadi 40. Ukimnyima kazi, atajipa mwenyewe. Yule wa Karavia alikimbia kando ya ukuta, kwenda na kurudi, mpaka nyasi zikaisha na njia nyembamba ya udongo mwekundu ikatokea. Kila pikipiki iliyopita nje ilikuwa kondoo aliyetoroka. Chakula chake kilikuwa bukari na vichwa vya samaki. Mama, kwa kuogopea wageni, akamtia mnyororo mchana, na mnyororo ukamharibu kabisa.

Mwezi wa Oktoba, mnyororo ukiwa umefunguliwa ili mama afagie, mtoto wa jirani aliingia getini kufuata mpira. Akaumwa paja.

Namsifu mama kwa alichofanya. Kabla ya kutafuta gari aliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, mtoto akilia. Kisha wakaenda hospitali kuchomwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Na kadi ya chanjo ya mbwa ilipotafutwa kabatini, haikuwepo, kwa sababu hakuwahi kuchanjwa.

Majirani walisema angemchukua Basenji. Mimi siafiki haraka hivyo. Ni kweli, huyu ni mbwa wa Kongo hasa. Wawindaji wa msituni humvalisha kengele shingoni kwa kuwa habweki wakati wa kufukuza mnyama. Ana kilo kama 10, hali sana, hujilamba mpaka hanuki. Waingereza walipomwona kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937 walimshangaa. Lakini mwizi akiingia usiku, huenda mbwa huyu asitoe sauti ya kumwamsha mtu. Hupanda ukuta, hufuata pua yake, na kuku wa jirani kwake ni mawindo. Yule wa dada ni mtulivu kwa sababu dada hutoka naye kila alfajiri kandokando ya ziwa lililo karibu.

Kwa hofu ya wezi, bei ya Berger ingetosha kununua taa ya jua ya getini, inayowaka hata umeme wa shirika la SNEL ukikatika. Taa haihitaji matembezi. Mbwa yeyote, mkubwa au mdogo, huhitaji mtu aliyepo.

Mtoto amepona, sindano zote amemaliza. Berger amehamia kwa mzee mstaafu anayeamka mapema na hana haraka ya kurudi nyumbani. Watoto wa fundi sasa wanamtaka Basenji. Mama amewaambia atakuja baada ya mmoja wao kuamka saa kumi na moja alfajiri mwezi mzima, kumtembeza mbwa wa shangazi. Mtoto mkubwa ameanza Jumatatu.