Elimu ya Tetemeko Imfikie Fundi

Ndugu zangu wa Kagera, nanyi nyote mnaoishi kando ya Bonde la Ufa!

Kitabu cha nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, kinahesabu maono yake kwa tetemeko: aliyaona miaka miwili kabla ya nchi kutikisika. Naye alihubiri nini? Alihubiri haki. Aliwakemea waliomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Mambo hayo mawili, tetemeko na haki, hayajaachana hadi leo. Ardhi ikitikisika, dhuluma iliyojificha ukutani hutoka hadharani.

Utazameni mwaka 2010. Januari 12, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, wakafa watu zaidi ya laki moja. Februari 27, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, lenye nishati takriban mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa huko walihesabiwa kwa mamia. Ni kweli, kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazofuatwa, na Haiti haikuwa nazo.

Na sisi je? Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, Kagera ilitikiswa kwa ukubwa wa 5.9 tu. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na familia nyingi zikalala nje. Tena tusijidanganye kwamba hilo ndilo kubwa kuliko yote: mwaka 1910 Rukwa ilitikiswa kwa 7.4.

Nyumba ya tofali zilizoshikwa kwa udongo huanguka kwa namna inayojulikana. Ufa huanzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda mshazari. Kuta huachana pembeni. Ile pembetatu ya ukuta chini ya bati hulala uani, au juu ya watoto. Kinachozifunga kuta zote pamoja ni lenta inayoizunguka nyumba nzima bila kukatika: zege, nondo nne, ringi zake. Hakuna awezaye kututajia siku ya tetemeko lijalo, lakini ukuta utakaoanguka tunaujua leo. Ujuzi huo ukibaki kwenye majarida ya Kiingereza, umemfaa nani?

Enyi wanasayansi, msije kwetu kuchukua vipimo mkaondoka navyo! Rudini na ramani, mzifafanue kwa Kiswahili na kwa Kihaya, katika mkutano wa kijiji, mpaka bibi wa Missenyi aulize swali na ajibiwe. Wafundisheni vijana wetu kuvitunza vipima-tetemeko na kuvisoma. Msiseme haiwezekani! Huko Haiti, vipima-tetemeko vidogo viliwekwa majumbani mwa wananchi, na tetemeko la 7.2 lilipopiga Agosti 14, 2021, vifaa hivyo vilisaidia kuyafuatilia matetemeko yaliyofuata. Maskini si kielelezo cha utafiti. Ni mshirika wake.

Enyi wenye mamlaka na wenye fedha, msimhimize mjane ajenge imara bila kumwonyesha nondo atazipata wapi! Ruzuku ya lenta ni nafuu kuliko mahema na majeneza. Anzeni na shule na zahanati.

Nanyi mafundi, uhai wa watu uko mikononi mwenu. Ukimaliza kozi za madirisha, simama. Usipandishe tofali nyingine kabla ya kumweleza mwenye nyumba habari ya lenta. Mapadre, wachungaji, masheikh, litangazeni jambo hili, kwa maana kulinda uhai ni ibada.

Nawe msomaji, mkutano wa kijiji ukiitishwa, usikae kimya. Uliza: shule ya watoto wetu ina lenta? Nani ameikagua? Wataalamu waliotupima, majibu yao yako wapi? Uliza hadi ujibiwe, kwa sababu majibu hayo ni haki yako, na walio chini ya dari ya shule ile ni wanao.